Mikono Yote ya Kushoto

Habari ilinifika nikiwa nimeshika mkasi. Mama aliyetusimamia miaka mingi katika karakana ya sare za shule, hapa Ngamiani, amefariki kwao Kigombe, na anazikwa baada ya sala ya alasiri. Sikulia. Nilichokihisi kwanza, nisiwafiche wasomaji, kilikuwa hofu. Nafasi yake nimeishika mimi tangu alipougua, na siku tatu kabla nilikuwa nimefanya jambo ambalo yeye asingelifanya.

Nianze na lake. Nilipokuwa mgeni wa kazi, nilitandika kitambaa cha mashati, chenye uso na mgongo, tabaka zote zikitazama juu, nikakata. Mikono yote ikatoka ya kushoto. Wenzangu walicheka, wakaniuliza kama shule hiyo inasomesha watoto wa mkono mmoja. Kicheko kilikatika tajiri, mwenye karakana, alipoingia. Akauliza nani kakata, maana huyo leo anarudi kwao. Mama akajibu bila kuinua sauti, "Tumekata."

"Nimeuliza nani."

"Na mimi nimekujibu, baba. Tumekata."

Tajiri alifoka, akatoka. Mama hakunigombeza. Alinivuta mezani, akakunja kitambaa upya, uso kwa uso. "Vitazamane, mwanangu," akasema, "kama watu wanaoamkiana."

Sasa langu. Wiki hii kola za shule nyingine zilishonwa ndani nje, na tajiri akauliza swali lile lile. Mimi si msemaji, na siku zote nimeihesabu haya yangu kuwa ni upole. Sikutaja mtu. Lakini macho yangu yalikwenda kwenye cherehani ya dada mmoja wa Mabawa, na ya tajiri yakafuata. Dada alifunga mkasi wake ndani ya kanga, akaondoka. Ana watoto wawili na hana kazi nyingine. Kola zile nilizikagua mimi mwenyewe, nikazipitisha.

Kigombe, mazikoni, nilimkuta dada huyo amefika kabla yangu. Wanawake walikuwa wamempa kazi ya kukata sanda, kwa kuwa ni fundi. Alitazama waliokuwamo chumbani, kisha akanisogezea ncha ya kitambaa. "Shika huku, bosi." Neno hilo la mwisho lilinichoma kuliko tusi. Nilishika kwa ulegevu, hata akaniambia nikaze, kisiende mshazari.

Asubuhi iliyofuata nilimsubiri tajiri mlangoni. Nilimwambia, kwa sauti ndogo niliyonayo, kwamba kola tulizikosea sote, dada arudishwe. Akauliza tena nani. Nikasema, "Tulikosea." Akafungua mlango.

"Basi aje. Lakini mkikosea tena, mtaondoka wote."

Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo maana ya neno "tulikosea".

Wapo wanaodhani kusimamia watu ni kuwa na sauti. Wengine, kama mimi, tulidhani inatosha kutomkemea mtu. Marehemu alinionyesha kwamba ni kuingia ndani ya kosa la mwenzako pale mlango unapofunguliwa na kila mtu anatafuta pa kujificha, na mimi nimelielewa hilo akiwa hayupo tena wa kuniitikia shikamoo.

Dada amerudi. Bado ananiita bosi. Nimeigeuza meza yangu ya kukatia ielekee cherehani yake, tutazamane.