Bwawa la Wanangu

Jumamosi iliyopita niliwafundisha wanangu wawili kuelesha mitumbwi ya magome ya mgomba kwenye mfongo, mfereji unaotuletea maji mashambani hapa Kilema. Maji yalikuwa na kasi, mitumbwi ikapinduka. Basi tukajenga ukuta wa mawe na udongo ili wapate bwawa tulivu.

"Lisipite hata tone," nikawaagiza, utadhani mimi ndiye bwana shauri wa enzi za mkoloni. Nikarudi nyumbani kunywa mbege, pombe yetu ya ndizi.

Kata ya kwanza haijaisha, baragumu likalia. Mzee wa mfongo alikuwa anawaita wanaume: zamu ya maji ni ya mama mkwe wangu, na shambani kwake mfereji umekauka. Kwetu mwizi wa maji hutozwa mbuzi. Haikunijia kabisa kwamba ukuta wa watoto ungeweza kuzuia mfongo mzima. Nilichoona mimi ni nafasi ya kumfurahisha mkwe.

Nikabeba jembe, nikatangulia msafara, sauti yangu juu kuliko ya wote.

"Mwizi huyu hakulelewa," nikasema. "Akipatikana, mbuzi wawe wawili."

Wazee wakaafiki. Mama mkwe, aliyekuwa nyuma yetu, akanibariki.

Tukaufuata mfereji mkavu hadi konani. Mbele yetu bwawa pana, mitumbwi inaelea kwa raha. Mwanangu mdogo, matope hadi magotini, akawaamkia wazee shikamoo kwa adabu zote, kisha akanigeukia akitabasamu.

"Baba, hata tone halijapita."