Gari Lilijaa

Kila mji nilioishi niliujua kwa namna moja. Nilikwenda stendi asubuhi, nikapanda gari dogo lolote lililokuwa likipakia, bila kuuliza linakwenda wapi, nikakaa ndani yake mpaka konda aseme mwisho wa gari. Hapo nilishuka, nikatafuta chai, nikatazama watu wa huko wanavyosalimiana, kisha nikarudi na gari hilohilo. Nimefanya hivyo Moshi, Morogoro, Tanga, na hapa Korogwe ninakouza viatu vya mitumba sasa. Watu wa rika langu, waliovuka miaka arobaini, wana nyumba na mashamba. Mimi nina majina ya vituo kichwani.

Tabia hii niliipata kwa baba. Alikuwa mkulima wa mahindi Mazingara, mtu wa maneno machache, asiyepaza sauti yake juu ya sauti ya mwingine. Siku moja, nikiwa darasa la pili, alimwambia mama tunakwenda Mkata kununua mbegu. Tulifika Mkata, akasimama kando ya barabara, akayatazama mabasi kwa muda, kisha akanishika mkono tukapanda moja mpaka Korogwe. Korogwe hatukuwa na ndugu wala shughuli. Tulipanda pikapu ya kwanza yenye mabenchi, ikatuzungusha mjini, tukashuka, tukapanda nyingine. Mwisho tukapanda gari la Kerenge, mistari ya mkonge ikikimbia dirishani.

Konda alimuuliza, "Mzee, unashukia wapi?"

"Mwisho."

"Mwisho wa wapi?"

"Wa gari lako. Kwani lina miisho mingapi?"

Watu wakacheka, na mimi nikajisikia mtoto wa mtu mkubwa. Huko mwisho mama mmoja alikuwa akiuza mbaazi mbichi za kuchemsha. Tulikula tumekaa kwenye gogo, tukitupa maganda mbele yetu. Baba alisema, "Sasa unajua gari linageuzia wapi." Tulirudi nyumbani bila mbegu. Mama alipouliza, baba alisema, "Mwulize mwanao alichokiona." Nilizungumza mpaka nikalala na kijiko mkononi.

Nimeyaweka haya mbele ili ieleweke kwa nini niliumia vile baadaye.

Mama alipofariki, na mgongo wa baba ukakataa jembe, dada yangu alimchukua akaishi naye Handeni mjini, kwenye nyumba iliyo nyuma ya stendi. Wakati huo nilikuwa Tanga, baadaye nikahamia Korogwe. Kutoka Korogwe hadi Handeni ni lami tupu. Unapita Sindeni, unapita Misima, hujamaliza hata usingizi umefika. Mimi niliyefika mwisho wa kila gari la mkoa huu, kwa baba nilikwenda mara tatu katika miaka minne.

Nilimpigia simu asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuja. Nyuma ya sauti yake kila mara kulikuwa na mngurumo wa gari na mtu akiita, "Korogwe, Korogwe, bado wawili!"

"Uko wapi, baba?"

"Nipo tu hapa stendi. Napunga upepo."

Nilifurahi kwamba ana mahali pa kukaa na watu wa kuzungumza nao. Sikuuliza zaidi.

Halafu ikaja asubuhi moja ambayo alinipigia yeye. Baba hakuwa mtu wa kupiga simu, alipokea tu. Alisema kwa haraka, kama anayeogopa kukatishwa, "Nipo kwenye gari. Nakuja Korogwe."

"Leo?"

"Sasa hivi. Gari linajaa. Nimekubebea kitu."

Nilifunika viatu vyangu kwa turubai, nikamwomba jirani aviangalie, nikaenda stendi. Kila haisi iliyotoka Handeni ilipofungua mlango niliangalia miguu kwanza, maana ndiyo kazi yangu, macho yangu yameshazoea kwenda chini. Baba alivaa makobazi ya tairi. Nilisubiri makobazi ya tairi kuanzia saa nne. Zikashuka raba, sendo, kandambili, viatu vya shule, buti za mtu wa mkonge. Simu yake haikupokelewa. Saa nane nilikula muhogo wa kuchoma nimesimama ili nisipoteze mahali pazuri pa kuona. Saa kumi na moja alipokea.

"Baba, uko wapi?"

"Nipo nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Kwa dada yako. Gari lilijaa, baba." Tangu nikiwa mdogo aliniita hivyo, baba, kwa jina la heshima la mtoto wa kiume.

"Lilijaaje na wewe ulikuwa ndani?"

Akarudia, "Lilijaa."

Nikamwambia, "Kama hutaki kuja, sema hutaki. Usinifanye mtoto mdogo, nimesimama hapa kutwa nzima." Na nikaongeza neno ambalo hadi leo likinijia nikiwa njiani huwa nasimama: nikamwambia amenidanganya.

Alisema, "Haya, mwanangu."

Sikumpigia tena wiki ile, wala mwezi ule. Nilijiambia nasubiri aombe radhi. Kisha nikasema nitakwenda baada ya sikukuu, na sikukuu ikapita. Mvua za masika zilipoanza dada alinipigia alfajiri, na kabla hajasema nilijua. Nilifika Handeni watu wakiwa tayari wamekaa kwenye mikeka.

Siku ya arobaini, baada ya dua na watu kuondoka, tulibaki mimi na dada tukikusanya sahani. Bila kuniangalia, alisema, "Ile siku aliyotaka kuja kwako, alirudi na mbaazi zake. Alizichuma mwenyewe uani pale. Akaniambia nipike, zisiharibike. Hakula hata moja."

Nikamwambia, "Hakutaka kuja, dada."

Aliweka sahani chini. "Nenda stendi ukaulize," akasema. "Alinikataza kukuambia. Lakini sasa yuko wapi wa kunikataza?"

Asubuhi yake nilibeba begi langu nikaenda. Haisi ya Korogwe ilikuwa imepaki kivulini, ina watu kama wanane. Mpiga debe alikuwa mtu mzima wa umri wangu, sauti imemkauka. Nilipoweka mguu ndani nikaenda kukaa dirishani, nyuma ya dereva, akaniita.

"Braza, hapo... aa, basi kaa. Kaa tu."

"Kuna mtu?"

"Palikuwa na mtu. Mzee mmoja, kafariki. Bado mdomo haujazoea."

Nikamwambia mimi ni mwanawe. Alinitazama, akavua kofia, akanipa pole kwa mikono miwili. Kisha akaniambia ninayoyaandika hapa.

Abiria hapandi gari tupu. Anataka gari linaloondoka sasa hivi, na dalili ya gari linaloondoka ni watu waliomo. Kwa hiyo wapiga debe huweka watu ndani, wanakaa kama wasafiri, na wasafiri wa kweli wanapoingia, wao wanashuka mmoja mmoja. Hilo nilikuwa nalijua. Limenichelewesha mara nyingi. Nisilolijua ni kwamba baba ndiye aliyekuwa abiria wao mkuu. Kila asubuhi, kwa chai na chapati na kitu kidogo cha jioni, alikaa siti ile.

"Mzee wako alikuwa anapendeza," mpiga debe alisema. "Kofia safi, fimbo kati ya magoti. Mtu akimwona anasema, mzee kama huyu hawezi kukaa kwenye gari lisiloondoka. Tukawa tunamtania: Mzee, Korogwe unahamia lini? Anasema, mkinitafutia mke."

Baba alipanda magari mengi kuliko mimi, na yote alishuka yakiwa yamesimama.

Nikamuuliza kuhusu siku ile. Niliieleza: mbaazi, saa tatu asubuhi. Hakuhitaji kukumbushwa. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, akinipa mgongo.

"Alikuja na kanzu," akasema. "Na fuko. Akakaa hapo hapo. Gari likajaa, akaja mama ana mtoto mgonjwa, anampeleka hospitali Korogwe. Nikagonga kioo kama siku zote: Mzee, shuka, mwenye siti kaja. Akasema, leo nasafiri. Tukacheka, braza. Gari zima. Nikamwambia, mzee acha masihara, unasafiri kwenda wapi, mke umempata? Akasema, nakwenda kwa mwanangu. Nauli alikuwa kaishika mkononi. Nikadhani ni sehemu ya utani, maana alikuwa anajua kutania bila kucheka. Yule mama kasimama na mtoto wake mlangoni. Mzee akamwangalia, akanyanyuka."

"Hakusema kitu?"

"Alisema, si kitu, nitapanda linalofuata. Hapo ndipo nikajua ni kweli. Nikamweka mwenyewe kwenye linalofuata, siti hiyohiyo. Nikaenda kunywa maji. Narudi, gari limejaa, yeye yuko chini kasimama na fuko lake. Nikasema, mzee, nani kakushusha? Akasema, hakuna. Miguu imeshuka yenyewe."

Alijifuta uso kwa kofia. "La tatu hakupanda."

Mpiga debe hakuwa na kosa. Na mimi sikuwa na wa kumwomba radhi. Yule niliyesubiri aniombe mimi alikuwa ameniambia ukweli wote kwa maneno mawili, na nilikuwa nimeyasikia mara mbili.

Gari liliondoka. Nilipita Misima na Sindeni upande wa dirisha lake, nikitazama kila kitu ambacho angekitazama: mahindi yaliyokuwa yameanza kubeba, Mmasai na ng'ombe wake wakingoja tupite, akina mama na madumu. Nilitaka nione kwa ajili yake, lakini machozi yalikuwa yakiharibu kila kitu.

Korogwe konda alisema mwisho wa gari. Watu wakashuka. Mimi sikuweza. Nilikaa na begi langu magotini, na konda, akidhani narudi na gari, aliniacha. Wakaanza kuita Handeni. Mwanamke mmoja mwenye ndoo mpya alichungulia dirishani, akaniona.

"Shikamoo. Linaondoka sasa hivi?"

Nilimwangalia. "Marahaba. Panda," nikamwambia.

Akapanda. Wakaja vijana wawili, wakaniona, wakapanda. Wakaja mtu na mkewe. Kila aliyefika mlangoni alinitazama mimi kwanza, mtu mzima mtulivu dirishani, kisha akaingia. Joto likaongezeka. Jasho likanitiririka shingoni kwenye siti ile. Niliwaza kwamba haikosi kila asubuhi baba aliona nyuso hizi hizi zikimwamini, na kila asubuhi alisikia mji wangu ukiitwa masikioni mwake, Korogwe, Korogwe, na mimi niko huku, sijui.

Akaja bibi mmoja na kikapu. Siti zilikuwa zimekwisha. Alisimama mlangoni akihema, mkono kwenye fremu. Kabla mtu hajagonga kioo nilikuwa nimenyanyuka. Nilimshikia kikapu, akakaa mahali pangu, akaniombea dua.

Nilishuka. Mpiga debe wa Korogwe alinishangaa, begi begani.

"Vipi, mkubwa, husafiri?"

"Gari limejaa," nikasema.

Nikaenda kusimama pale nilipomsubiri siku ile. Haisi nyingine ya kutoka Handeni ilikuwa inaingia. Ilisimama, mlango ukafunguliwa, na macho yangu yakaenda chini, kwenye miguu.