Kahawa Iliyohamia Chumbani

Saa moja asubuhi, mwanamke mmoja amepiga magoti kando ya ukuta wa chumba chake cha kulala. Amefungua mdomo wa gunia na kuzamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Anachota kahawa ya chini kabisa, siyo ya juu, anaitandaza kwenye sinia na kuichambua punje moja moja. Iliyotobolewa na mdudu inatupwa. Iliyopasuka inatupwa. Kila anapotupa anasema kwa sauti ya chini, "Hapana."

Chumba hiki hakina kitanda. Kuna magunia sita juu ya mbao, yameachana na ukuta kwa upana wa kiganja, na dirisha moja lenye wavu. Kitanda kimehamia sebuleni, kati ya meza ya chakula na kabati la vyombo.

"Miaka ishirini na tisa ya ndoa sijawahi kufukuzwa chumbani," anasema mumewe, fundi uashi, akiwa mlangoni na kikombe cha chai. "Mwaka huu nimefukuzwa na kahawa. Angekuwa mwanamume mwenzangu, ningejua la kufanya."

"Mzee, toka hapo na hicho kikombe," anajibu bila kugeuka. "Kahawa inadaka harufu."

"Ya chai tu?"

"Ya chai, ya sabuni, na yako wewe mwenyewe."

Majirani wanamwita Mama Hapana. Jina hilo alipewa na wachumaji, kwa sababu akiona tunda la kijani kwenye kikapu hutamka neno hilo moja na kukirudisha. Ana umri wa miaka 51 na mikahawa 410 kwenye shamba lisilofika ekari moja, juu ya mteremko ambao mgeni huupanda kwa mikono na miguu.

Sampuli anayoiandaa inakwenda kwenye chumba cha kuonja cha chama cha wakulima. Kahawa inayopata alama 80 kwa 100 au zaidi huuzwa peke yake, kama kahawa maalumu, kwa bei inayokaribia mara mbili ya bei ya kawaida. Iliyo chini ya hapo humwagwa kwenye mchanganyiko wa wote. Anayeshindwa misimu miwili mfululizo hutolewa katika mpango huo kwa miaka mitatu.

Mwaka jana Mama Hapana alishindwa.

Kazi ya shambani haikuwa na dosari. Alichuma matunda mekundu tu. Aliyamwaga majini na kuondoa yaliyoelea. Aliyamenya siku hiyo hiyo, akaziacha punje zichachuke mpaka ute ukatoka, akaziosha, kisha akazianika kwenye meza za waya kwa siku kumi na nne, akizigeuza kila nusu saa. Alipomaliza, alianza kuogopa wezi na unyevu. Mahali pakavu kuliko pote nyumbani, tena penye kufuli, palikuwa darini, juu ya jiko la kuni. Kahawa ilikaa huko miezi miwili.

Mwonjaji aliandika alama 74 na neno moja: moshi.

"Nilimwambia ananisingizia," anasema. "Nikachota kiganja kizima, nikanusa mbele yake. Sikusikia kitu. Nikampa mzee anuse, naye hakusikia kitu. Nikasema, huyu kijana ana lake jambo na mimi."

Siku tatu baadaye mdogo wake alikuja kumtembelea. Alipofunguliwa gunia, alirudi nyuma hatua moja. "Dada, humu ulikausha samaki?"

"Hapo nilikaa chini," anasema Mama Hapana. Mke na mume walikuwa wameishi na moshi ule miaka yote ya ndoa yao, na pua zao zilikuwa zimeacha zamani kuuhesabu kuwa harufu. Kosa hilo liliwagharimu karibu nusu ya pato walilotarajia.

Msimu huu mumewe alipiga lipu upya chumba kilicho mbali zaidi na jiko, akatoboa dirisha. Mkewe aliweka sheria: nguo ya jikoni haivuki kizingiti. Tatizo moja halikuwa na lipu. Hakuwa na njia ya kujua kama kahawa yake ni safi, kwa kuwa haiamini tena pua yake mwenyewe.

Siku mbili baada ya kupeleka sampuli, ameketi kwenye benchi la chumba cha kuonja. Juu ya meza ndefu kuna mabakuli ya kahawa iliyokaangwa na kusagwa, matano kwa kila mkulima, yenye namba bila majina. Mwonjaji anamimina maji ya moto, anasubiri dakika nne, anavunja utando ulioelea juu kwa mgongo wa kijiko huku pua ikikaribia kugusa kahawa. Kisha anavuta kwa mdomo kwa kelele, anatema, anaandika. Kwenye safu ya namba saba anarudi mara tatu. Mama Hapana hajui namba yake. Mikono ameikalia.

Mwishowe kadi za namba zinageuzwa kuonyesha majina. Namba saba ni yake. Alama 85 na nusu.

"Moshi?" anauliza.

"Hakuna, mama."

"Angalia tena, mwanangu."

"Nimeangalia mabakuli yote matano. Njoo uonje mwenyewe."

Anapewa kijiko, anakunywa taratibu.

"Vuta kwa kelele, mama."

"Mimi nilifundishwa adabu mezani."

"Kwenye meza hii, kelele ndiyo adabu."

Anavuta. Wakulima wenzake wanacheka. Kijana anamsogezea bakuli jingine, la safu ya mwisho. Ananusa, kisha ananusa tena.

"Hii ina kitu."

"Kitu gani?"

"Sikijui jina. Lakini kwenye yangu hakimo."

Mwonjaji anamwonyesha karatasi aliyoandikia alama za safu hiyo. Imeandikwa moshi.

Msimu ujao chama kitawafundisha wakulima wanne kuonja, na Mama Hapana amekwisha kujiandikisha. Mumewe ameanza kujenga jiko jipya hatua ishirini kutoka nyumbani, upande ambao upepo huupeleka moshi mbali na nyumba. Mkewe ameambiwa kwamba pua iliyopumzishwa hurudi polepole, na yuko tayari kuisubiri.

"Nataka nisimame upande ule wa meza," anasema.

Na akikuta moshi kwenye kahawa ya jirani yake?

"Nitamwambia. Atanikasirikia mwaka mzima, kama nilivyomkasirikia huyu kijana. Kisha atahamisha magunia."