Pesa ya Mahari

Mama yangu alikuwa na ugomvi wa kudumu na herufi mbili, l na r. Sisi Waganda wengi tunazichanganya, si siri, lakini mama alipita mpaka. Askari mmoja kwenye kizuizi cha Barabara ya Bombo alimcheka siku aliposema "habali," akamrudisha kwenye neno lile mbele ya watu mpaka likamtoka sawasawa. Tangu hapo, kila alipotaka Kiswahili chake kionekane kisafi, alitia r karibu kila mahali. Kila mahari, angesema yeye.

Na Kiswahili hakikuepukika. Jeshi ndilo lililotawala, na jeshi lilisema Kiswahili. Kwa Kiluganda uliweza kuzika na kuozesha. Ukitaka sukari, kibali, au ndugu yako atolewe kituoni, ulikwenda na Kiswahili. Mama, Mprotestanti wa Mengo aliyelelewa akiambiwa kwamba hiyo ni lugha ya askari na wezi, alijikuta anaihitaji mbele ya mtu aliyekuwa vyote viwili.

Mtu huyo tulimwita Afande. Alikuwa sajini mstaafu, tumbo mbele, fimbo kwapani, na alikopesha pesa Bwaise nzima. Serikali ilikuwa imetangaza vita vya uchumi, Wahindi wamefukuzwa, na maduka yao wamepewa watu walioyafunga mara tu bidhaa zilipokwisha rafuni. Benki hazikujua Bwaise iko wapi. Afande alijua, tena alijua kila mlango.

Mama alikuwa mjane na aliuza mihogo ya kukaanga kando ya mtaro, na mvua ikinyesha mtaro ulikuja kununua wenyewe. Basi akasikia kuna nafasi imepatikana soko la Kasubi, chini ya bati, palipoinuka, ila msimamizi wa soko anataka kilemba, pesa ya kuingilia, kabla hujaweka hata sufuria. Mama hakuwa na kilemba wala kitambaa cha kukishonea. Akanichukua mimi, binti yake mkubwa, tukaenda kwa Afande. Tulimkuta amekaa kwenye baraza la fundi cherehani, mzee mmoja Mwislamu mwenye sikio kubwa na mdomo mkubwa zaidi.

"Afande," mama akasema kwa heshima zote, "mimi naomba pesa ya mahari."

Afande aliacha kutafuna. "Mahari? Mahari ya nani?"

"Ya mimi. Mahari ya mimi, kule Kasubi. Ni mahari mzuri sana, iko chini ya bati."

Afande alicheka mpaka fimbo ikamdondoka. Akampiga fundi begani. "Fundi, wewe ni shahidi! Leo mimi natoa mahari kwa huyu mama!" Akahesabu noti palepale, akampa mama kwa mikono miwili kama mkwe, huku fundi akitikisa kichwa na kuomba heri. Njiani nilimweleza mama alichokuwa amekiomba. Alisimama katikati ya barabara, akafumba macho, akasema pesa ni zile zile.

Masharti ya Afande yalikuwa ya mfugaji. Pesa aliyokupa aliita ng'ombe. Ng'ombe akae kwako, alisema, wewe kila Ijumaa niletee maziwa tu. Ungeweza kupeleka maziwa mpaka meno yakung'oke, ng'ombe hapungui hata unywele. Ukikosa Ijumaa moja, ng'ombe amezaa, na ndama naye anadaiwa maziwa. Sijaona mnyama mwenye uzazi kama ule. Jina la kitendo hiki katika Uislamu, dini yake, Afande alilijua vizuri, ndiyo maana hakulitamka kamwe.

Mama alipeleka maziwa. Alipata nafasi yake Kasubi, akakaanga mihogo miguu ikiwa mikavu, na kila Ijumaa akapita barazani. Kila Ijumaa Afande alimpokea kwa kelele: "Karibu, bibi yangu! Mke wangu wa mahari!" Watu wakacheka, na mama akatoa pesa akiangalia chini. Mwanamke aliyeimba sauti ya kwanza katika kwaya ya Mengo alikuwa anaitwa mke na mtu anayenuka pombe ya waragi. Nilimchukia Afande kwa hilo kuliko kwa ng'ombe wake wote.

Kisha mafuta ya kupikia yakatoweka. Matajiri wapya wa mji tuliwaita mafuta mingi, na labda mafuta yote yalikuwa kwao, maana madukani hayakuonekana. Mihogo haikaangwi kwa maji. Mama alijaribu kuichemsha. Wateja wakamwambia ya kuchemsha wanayo nyumbani. Maziwa yakakauka, ng'ombe akazaa, akazaa tena, na Afande akaja na wapagazi wawili na bisibisi.

Alikuja kuchukua mlango. Ndiyo ilikuwa rehani yake kwa kila mtu. Hakutaka kitanda wala redio. Alitaka mlango, akaupeleka uani kwake, ukaegemezwa ukutani pamoja na wenzake. Wetu baba aliuunda kwa makasha ya chai kabla hajafa, na maandishi ya makasha yalikuwa bado upande wa ndani. Haukuwa mlango wa kujivunia. Mbuzi mwenye nia angeuvunja, na mafuriko yalikuwa yameula chini.

Lakini miaka ile watu walichukuliwa. Magari yalipita polepole, na wenye bunduki waliangalia wapi pana nini. Mlango uliokomewa uliwafanya wabishe kwanza, na katika kule kubisha mtu aliweza kuruka dirisha. Sisi tulikuwa mabinti wawili na mjane, tumetundika shuka mlangoni. Mama alichukua kiti cha kukalia jikoni, akakiweka pale palipokuwa na mlango, akakaa na mchi mapajani. Kila giza lilipoingia alikaa hapo. Asubuhi alikwenda Kasubi kuona kama mafuta yamekuja, jioni akarudi kuwa mlango. Macho yalimwiva, miguu ikavimba, na alianza kusinzia akizungumza. Mimi niliogopa atakufa amekaa.

Tuliokolewa na mdomo wa fundi. Afande alikuwa na mke Mnubi, Hajati aliyeuza vikapu na sukari, na pesa alizokopesha Afande zote zilikuwa za mke huyo. Mumewe alikuwa amemwapia kwamba anazifanyia biashara ya ngozi, ya halali. Siku moja Hajati akampelekea fundi kitambaa, na fundi, kwa roho safi kabisa, akampa pole kwa kupata mke mwenza. Alikuwa shahidi, akasema. Mahari aliyaona kwa macho yake, yakitoka mkono kwa mkono.

Jioni, mama amekwisha kaa mlangoni, Hajati alifika Bwaise, kanga mbili, jasho, na Afande nyuma yake akivutwa kwa mkono wa shati. Fundi alifuata kwa kuwa ni shahidi, na mtaa mzima ukafuata kwa kuwa ni mtaa.

"Wapi ule mwanamke nakula mahari ya bwana yangu?"

Mama aliinuka kwenye kiti chake. Nilimwona akifungua mdomo kukanusha, halafu nikamwona akiufunga. Alimwangalia Afande kwa muda, akatabasamu, tabasamu nililokuwa silijui.

"Ni mimi, Hajati," akasema. "Shikamoo. Bwana alinitolea mahari, fundi huyu hapa aliona. Kila Ijumaa ananiita bibi yangu, uliza watu. Na vyombo vyangu amekwisha anza kuhamisha. Mlango wangu uko kwako."

Hajati aliipitia ile milango yote ya uani kichwani mwake, nadhani, akihesabu wake wenza.

"Ni deni!" Afande akapiga kelele. "Huyu naongea vibaya tu! Mahali! Nataka sema mahali!"

"Deni," Hajati akasema taratibu. "Deni, halafu kila Ijumaa yeye nakuletea pesa. Pesa ya nini?"

Afande akisema faida, amekiri riba, tena kwa pesa ya Hajati aliyezunguka Kaaba. Fundi, aliyependa sana kuwa na msaada, akakohoa. Alisema sheria anavyoijua yeye, mtu akimwacha mke kabla hawajaingiliana, nusu ya mahari hurudi, nusu hubaki kwa mke. Kisha akamuuliza Afande, kwa adabu na kwa sauti ya kusikika mpaka Kawempe, kama wameingiliana.

"Hapana!" Afande alilia. "Wallahi, hapana!"

"Nusu nimekwisha rudisha," mama akasema. "Tena imepita. Mwulize yeye Ijumaa zote zile zilikuwa za nini."

Hajati alimgeukia mumewe. Naye, jasho likimtiririka kwenye tumbo, akakubali kwamba zile pesa, ndiyo, zilikuwa nusu ya mahari.

"Basi mwache," Hajati akasema.

"Nimemwacha," akasema Afande.

Hivyo ndivyo mama yangu, mjane wa Kiprotestanti, alivyopewa talaka na mwanamume ambaye hajawahi kumuoa, na ng'ombe akafa na ndama wake wote. Mtaa ulipiga vigelegele. Majirani kadhaa walikwenda wiki ile kwa Afande kudai nao talaka, mmoja wao mwanamume mwenye ndevu, lakini Hajati alikuwa amekwisha mnyang'anya pesa zake, na milango ikaanza kurudi bila hata ya kesi.

Wetu alikuja nao Afande mwenyewe asubuhi moja, mama akijiandaa kwenda Kasubi, ameubeba kichwani, kwa kuwa Hajati alikataa kulipa mpagazi. Aliufunga kwa bisibisi ile ile, skrubu moja baada ya nyingine, na mama alimsimamia. Alipoondoka mama aliupapasa upande wa ndani, kwenye maandishi ya makasha. Akatuambia tutoke nje, mimi na mdogo wangu, tukapike chini ya upenu wa jirani. Kisha akaingia ndani, tukasikia komeo.

Hakwenda Kasubi siku ile. Jua liligeuka, mihogo ikaiva, ikapoa. Mdogo wangu alitaka kubisha tumpe chakula, nikamshika mkono. Kupitia mbao za baba tulimsikia mama akikoroma, mwanakwaya wa Mengo, mchana kweupe, kama mlevi.