Mtu Aliyejua Tetemeko Linatoka Wapi

Habari ya kifo cha mtaalamu wetu wa matetemeko ilinikuta mtaani Kasenga, hapa mjini, nikiwa kwa fundi cherehani. Homa ilimshika Ijumaa, Jumatatu akafariki hospitalini. Wasomaji wengi wa safu hii hawakumjua, ingawa ndiye aliyetulinda. Kazi yake ilikuwa kutafuta mahali yanapozaliwa matetemeko madogo, yale yasiyotikisa hata kikombe kabatini, tangu ulipoanza mradi wa kuchimba visima virefu bondeni ili kupata umeme kutokana na joto la ardhini. Alinieleza kuwa maji yakisukumwa kwa nguvu kwenye mwamba wa moto, mwamba hupasuka kidogo kidogo, na kila mpasuko ni tetemeko.

Siku moja nilifuatana naye hadi mtaa wa Kilibula, kwa mama mjane ambaye uani kwake ilifukiwa mojawapo ya mashine zake tatu za kupimia matetemeko. Mama alitupokea na jembe mkononi, tayari kuifukua. Ukuta wake ulikuwa umepata ufa.

“Muondoe hii kitu. Iko inaita tetemeko!”

“Hapana, mama. Haiite. Iko inasikiliza tu.”

“Na weye, hauogope?”

Nilitarajia jibu la kiofisi. Akasema, “Minye naogopa sana, mama. Ndiyo maana niliiweka hapa.” Akachuchumaa, akachora mavumbini. Tetemeko hutoa mawimbi mawili yanayoondoka pamoja, moja la kasi na jingine la polepole. Muda unaoyatenganisha yanapofika huonyesha umbali. Kila mashine huchora duara lake, na maduara matatu yanapokutana, hapo ndipo lilipoanzia. “Ukitoa yako, tutabaki na mbili, na mbili zinaonyesha pahali pawili. Tutakimbilia wapi?” Mama aliutazama mchoro, kisha akaegemeza jembe ukutani.

Wiki chache baadaye mtaalamu aliniita ofisini anionyeshe ramani, ambapo kila kitone kilikuwa tetemeko moja dogo. Vitone vilivyokuwa vimejikusanya kando ya visima sasa vilijipanga mstari, kuelekea milima iliyo juu ya mtaa wa Mulongwe, ambako nyumba zimebebana. “Angalia, ziko zinakuja,” alisema. Aliwaomba wakubwa wa mradi wasimamishe pampu zinazosukuma maji visimani. Wakamjibu kwamba vitone hivyo ni vidogo mno, kisha wakamletea karatasi ya kukubali kazi iendelee. Alikataa kutia sahihi. Siku zilizofuata nilikuwa nikiusikia moyo wangu mwenyewe na kudhani ni sakafu. Jumapili ardhi ilitikisika kwelikweli. Huko Mulongwe watu walitoka kanisani wakikanyagana, mama mmoja akavunjika mkono. Hakufa mtu. Alasiri hiyo pampu zilizimwa, lakini vitone havikukoma mara moja, naye hakuondoka mbele ya ramani mpaka vilipopungua.

Mji huu umezoea kuogopa: mafuriko, risasi, uvumi. Hofu isiyojua inakotoka humgeukia aliye karibu, na kumwinulia jembe. Yeye alianza kwa kukiri kwamba anaogopa, halafu akauliza: wapi hasa? Sijaona ujasiri mwingine unaonifaa zaidi.

Sasa nasikia pampu zitawashwa tena, na sijasikia nani amechukua kazi yake. Naandika haya kwa woga, wala sioni haya kusema hivyo. Wakubwa wa mradi watakapokuja kututuliza, tusiwaulize kama kuna hatari. Tuwaulize jina la mtu anayeisikiliza ardhi, na kama anaruhusiwa kukataa.