Siku Mama Alipopanda Ndege

Juzi, nikiwa Beni, niliona ndege ikipaa juu ya mashamba ya kakao, ikipungua hadi ikawa kama nzi. Utotoni niliamini kwamba abiria nao hupungua vilevile.

Ndiyo maana, alasiri ile mama mgonjwa alipopelekwa hospitali ya mbali kwa ndege, nilimng'ang'ania kitenge katikati ya ngurumo na harufu ya mafuta.

"Mama hapana kupanda! Atakuwa kadogo!"

Baba aliinama. "Lakini akibakia hapa, atakufa."

Nilifikiri, kisha nikaachilia kitenge. "Basi apande. Akirudi kadogo, mi nitamubeba ku mugongo mupaka akomale."

Mama akacheka, mara ya kwanza tangu augue.

Alirudi baada ya majuma kadhaa, amepona, lakini mwembamba kweli. Nilichuchumaa mbele yake, nikampa mgongo.