Muhogo Mchungu na Sahihi Yangu

Tuliporudi kutoka ukimbizini Zaire, mabinti wengi wa kwetu Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, walijua kupanga foleni ya unga kuliko kuvundika muhogo mchungu. Hawakuwa na kosa, walikulia kambini. Lakini muhogo ule ukiuharakisha unaua. Mtoto wa binamu yangu kule Dranya alitapika mpaka macho yakageuka. Tulimkimbiza zahanati kwa baiskeli, na Mungu akasaidia akapona.

Mimi nilikuwa mwalimu wa sayansi Arua. Likizo iliyofuata nilikaa Dranya kwa shangazi yangu na wenzake, nikaandika kila hatua: kumenya, kuanika kidogo, kufunika kwa majani hadi ukungu uote, kuuparua, kutwanga, kuanika tena. Shangazi alinifundisha kwa sharti moja tu, maneno yale yawarudie mabinti kwa Kikakwa, lugha yetu, watoto wasife. Nikamwambia hilo dogo.

Halafu nikajitia usomi. Jarida moja la ng'ambo likakubali makala yangu, na wee, nilitembea Arua kifua mbele! Ndipo ikaja karatasi ya kutia sahihi. Ilisema nawakabidhi hakimiliki yote, na mtu yeyote haruhusiwi kunakili wala kutafsiri bila idhini yao. Hata mimi mwenyewe. Damu ikanichemka.

Mkuu wangu wa shule alinishauri nitie sahihi ninyamaze, kila mtu hufanya hivyo. Bila makala ile, nafasi ya kwenda kusoma zaidi Kampala ningeisikia tu kwa wenzangu. Alinitakia mema, na nafasi ile niliitaka sana, sidanganyi. Nikaenda Dranya kutafuta wa kunihurumia. Shangazi alinisikiliza huku akiparua ukungu, wala hakuacha kisu.

"Mbegu ya karanga nilikopa kwa jirani," alisema. "Nimerudisha beseni yake. Sasa mutu akikuja kuomba kwangu, mimi naenda kuuliza jirani kwanza?"

Nikamweleza kwamba mambo ya vitabu si karanga. Akasema basi hivyo vitabu viko na shida, akanipa kisu nimsaidie. Aliniudhi kweli. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba nilicheka.

Niliporudi Arua nikaukata mstari ule kwa kalamu. Juu yake nikaandika: jarida lichapishe, lakini yeyote aweza kunakili na kutafsiri bure, mradi awataje wanawake wa Dranya waliofundisha. Nikatia sahihi, nikapeleka posta, kichwa kikaniuma siku nzima. Miezi ikapita kimya. Nafasi ya Kampala akapewa mwenzangu. Nililia, ndiyo, kisha nikafua kila nguo iliyokuwa ndani ya nyumba.

Mwishowe mhariri akajibu. Hawajawahi kukubali jambo kama hilo, aliandika, ila safari hii wamekubali. Nilifurahi kama mwehu. Tulipiga chapa stensili kwa Kikakwa, tukazungusha mashine ya shule ya kunakili mpaka wino ukaisha, na shangazi akagawa nakala kanisani na msikitini bila kubagua.

Miaka ilipita. Siku moja nilikuwa Oraba, mpakani mwa Sudan, nikingoja lori, nikala kwa mama mmoja aliyevuka kutoka Kaya. Nikausifu ugali wake wa muhogo. Alinipima kwa macho, akaamua huyu mtu wa mjini hajui kupika, akatoa karatasi chini ya sahani zake. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono, kwa Kiarabu cha Juba, lugha ambayo mimi sikutafsiri kwayo kamwe. Hatua zilikuwa zilezile, na moja imeongezwa: siku za mvua, kausha juu ya moto jikoni. Jina langu halikuwapo. Chini kabisa paliandikwa kwamba waliofundisha ni wanawake wa Dranya.

Sikumwambia mimi ni nani.

"Iko moja tu," alisema. "Andika yako, halafu upe mwingine."

Nikamwomba kalamu.